KUPIGA PICHA KATIKA DIRISHA LA GARI LA MOSHI

Somo la juma hili ni juu ya kupiga picha katika dirisha la gari la moshi. Twaliita gari la moshi kwa desturi tu, maana injini za kuchemsha maji ziliachwa zamani, na zivutazo mabehewa siku hizi ni za dizeli. Tumelichagua jambo hili kwa sababu wasomaji wetu wa Kibera na Kawangware wana reli karibu na milango yao. Wengine huipanda kwenda kazini, wengine huivuka kwa miguu kwenda sokoni, na wengine nyumba zao huonekana na kila abiria apitaye. Kwa hiyo wao wamo pande zote mbili za kioo: leo ni wapigaji wa picha, kesho ni wapigwaji. Watu wa namna hiyo yafaa waijue kazi hii kuliko mgeni ajaye mara moja na kurudi kwao.

Zamani kamera ilikuwa chombo cha watu wachache. Mwenye nayo alinunua filamu ya picha 36, akazihesabu kama mtu ahesabuvyo shilingi zake za mwisho wa mwezi, wala hakubonyeza ovyo. Siku hizi kamera imo ndani ya simu, na simu imo ndani ya mfuko wa kila mtu. Lakini wingi wa picha si wingi wa picha njema. Ukizitazama picha walizopiga abiria katika safari moja, mara nyingi utaona kioo chenye madoa, nguzo iliyolala kama mlevi, na kiwiko cha jirani. Makosa hayo yote yana sababu zake, na sababu zikijulikana dawa yake ni rahisi.

Tuanze na mwendo, maana ndilo jambo ligumu zaidi. Ndani ya kamera mna kilango kifungukacho na kufungwa ili mwanga uingie. Kikikaa wazi kwa muda, kila kitu kitembeacho mbele yake huacha alama ndefu, na picha hutoka kama imefutwa kwa kidole kabla ya wino kukauka. Sasa tufanye hesabu. Tuseme gari linakwenda kilomita 36 kwa saa. Hiyo ni mita 10 kwa kila sekunde. Kilango kikikaa wazi kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, gari limekwisha kusogea sentimita 10. Kikikaa wazi kwa sehemu moja ya elfu, limesogea sentimita 1 tu. Kama unapiga ukuta ulio mita 3 kutoka dirishani, zile sentimita 10 ni nyingi sana, na matofali yote yatachanganyika. Lakini kama unapiga kilima kilicho mbali, sentimita 10 si kitu. Hata mita nzima isingeonekana.

Basi kanuni inajitokeza yenyewe. Kitu cha karibu kinataka kilango chepesi, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde au pungufu ya hapo. Kitu cha mbali kinastahimili kilango cha polepole, lakini mikono yako na mtikisiko wa behewa havistahimiliki, kwa hiyo hata huko usishuke chini ya sehemu moja ya mia mbili na hamsini. Asiyetaka kuhangaika na hesabu na afuate neno hili: achana na vitu vya karibu, tazama mbali. Picha nyingi zilizoharibika katika gari la moshi ziliharibika kwa sababu mtu alitaka kukamata kibanda kilicho chini ya dirisha.

Iko njia nyingine, na wapigaji hodari huipenda. Geuza kamera pamoja na kitu unachokitaka, ukikifuata kwa macho na mikono kama mwindaji amfuataye ndege. Kitu kile kitatulia katika picha, na vilivyo mbele yake na nyuma yake vitakimbia. Mtoto amesimama juu ya tuta akipunga mkono: yeye atatoka wazi, na majani yaliyo mbele yake yatakuwa mistari. Yataka mazoezi, na mara nane kati ya kumi utakosa, lakini zile mbili zitakufurahisha.

Hapa niseme neno juu ya ile nguzo iliyolala. Watu hudhani simu yao ni mbovu. Si mbovu. Kamera nyingi za simu hazisomi picha nzima kwa pamoja. Huisoma mstari baada ya mstari, kama sisi tusomavyo ukurasa. Wakati mistari ya chini inaposomwa gari limekwisha kusogea mbele ya mahali lilipokuwa iliposomwa ya juu. Kwa hiyo kichwa cha nguzo kimeandikwa mahali pamoja na mguu wake mahali pengine. Dawa yake ni ile ile: achana na nguzo za karibu, au ngoja gari lipunguze mwendo. Na gari hupunguza mwendo mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri, penye kona, penye mwinuko, na kabla ya kila stesheni. Mpigaji mwenye subira huijua njia yake, akatayarisha kamera mapema.

Jambo la pili ni kioo. Katika behewa la kizamani dirisha hushushwa, na hewa ikaingia, na taabu ya kioo ikaisha. Lakini katika gari la reli mpya ya Mombasa, ambalo lilianza kuchukua abiria tarehe 31 Mei 2017, madirisha hayafunguki hata kidogo. Kioo kina tabia mbili mbaya. Kwanza hushika vumbi. Chukua kitambaa chenye unyevu ukipanguse kwa ndani kabla ya gari kuondoka. Vumbi la nje huwezi kulifikia, lakini ukisogeza lenzi karibu sana na kioo, madoa yale hupotea kwa kuwa lenzi haiwezi kuyalenga. Pili, kioo hurudisha sura ya vitu vilivyo ndani. Shati lako jeupe litaelea juu ya mbuga ya Tsavo kama wingu. Kwa hiyo vaa nguo nyeusi au ya rangi nzito, au omba kanga ya rangi nzito, uizungushe baina ya lenzi na kioo ili mwanga wa behewa usiingie. Taa ya kamera uizime kabisa. Haimfikii tembo aliye mbali, hukurudia wewe mwenyewe machoni. Wala usiegemeze kamera juu ya kioo, maana kioo hutetemeka pamoja na behewa lote. Acha nafasi ya unene wa kidole.

UPANDE WA KUKAA

Msafiri akinunua tikiti huuliza nauli, huuliza saa, lakini ni wachache waulizao upande wa kukaa. Kwa mpiga picha hilo ndilo swali la kwanza, na jibu lake hutegemea mambo mawili: mahali penye kutazamwa, na mahali lilipo jua.

Nairobi iko kusini ya ikweta kwa nyuzi moja na kitu hivi. Kwa hiyo jua letu halikai upande mmoja mwaka mzima kama kule Ulaya. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Mwezi wa Desemba huwa upande wa kusini. Na mwezi wa Machi na wa Septemba hupita karibu na utosi. Mtu asomaye vitabu vya picha vilivyoandikwa Uingereza ataambiwa kwamba jua la mchana liko kusini sikuzote. Akilishika neno hilo hapa kwetu mwezi wa Juni, atakaa upande usiofaa na kupiga jua usoni safari nzima.

Chukua mfano wa gari la jioni litokalo stesheni kuu ya Nairobi kwenda Kikuyu na Limuru. Likipita Kibera huelekea upande wa magharibi, na jua linakuchwa mbele yake. Mwezi wa Juni jua hukuchwa likiwa limeelekea kaskazini ya magharibi, nalo huingia madirisha ya kulia. Mwezi wa Desemba huelekea kusini ya magharibi, nalo huingia madirisha ya kushoto. Anayetaka mwanga uliolala juu ya mabati na si jua ndani ya lenzi, na akae upande lisipokuwa. Na huo mwanga wa jioni ndio mwanga mwema. Saa sita ya mchana mabati mapya hung'aa kama kioo. Kamera hudanganyika, ikazuia mwanga, na watu wote wakatoka weusi bila sura. Saa kumi na moja na nusu mabati yale yale, hasa yaliyoshika kutu, huwa na rangi ya asali, na kila paa huonyesha kivuli chake. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ina mawingu ya baridi ya kijivu asubuhi. Watu huyachukia, lakini kwa nyuso za watu ni mazuri, maana hayaleti vivuli vikali chini ya macho. Baada ya mvua ya Aprili na Mei, na tena ya Novemba, vumbi limelala, na mlima ulio mbali huonekana kama umesogezwa.

Sasa tuifuate njia yenyewe. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, ikafika Kisumu, iliyoitwa Port Florence siku hizo, mwaka 1901. Katika njia ya leo, gari litokapo mjini hupita Kibera katikati. Upande wa kushoto, ambao ni kusini, nyumba zinateremka bondeni kuelekea Bwawa la Nairobi, na kwa kitambo kidogo abiria huona mapaa mengi kwa pamoja kuliko mahali pengine popote katika safari hiyo. Kisha gari hupanda kuelekea Dagoretti, na Kawangware huwa upande wa kulia, nyuma ya miti na maghorofa yanayoongezeka kila mwaka. Hapo hapana mandhari ya kusimulia. Lakini mwenye jicho jema atapata mashamba madogo ya sukuma wiki yaliyobanwa baina ya nyumba na reli, na hayo huenda yasionekane tena baada ya miaka michache. Nionavyo mimi, picha ya shamba la namna hiyo ina thamani kuliko picha ya mia ya twiga.

Kutoka Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,660 hivi, mpaka Limuru, iliyo zaidi ya mita 2,200, gari hupanda na kupindapinda. Kona hizo ni bahati. Ukikaa katika mabehewa ya nyuma, na njia ikapinda kuja upande wako, utaiona injini yako mwenyewe ikitangulia mbele na mabehewa yote yakiifuata. Picha hiyo hueleza safari kuliko picha kumi za milima. Usikae behewa la mwisho kabisa, maana hapo huoni ila vumbi na nyasi zinazorudi nyuma.

Baada ya Limuru mambo hubadilika ghafla. Chai na baridi huisha, na ardhi ikafunguka kushoto: ndilo Bonde la Ufa. Mteremko huu uliwatesa sana waliojenga. Kabla reli ya kudumu haijamalizika, mabehewa yalishushwa kwa kamba za chuma juu ya njia ya mteremko mkali, ili kazi iliyo bondeni isisimame kwa kukosa vyuma. Atakaye kuupiga Mlima Longonot, wenye urefu wa mita 2,776, na akae kushoto tangu mwanzo. Kushoto tena ataiona Ziwa la Naivasha, na mbele zaidi Ziwa la Nakuru. Mkaaji wa kulia atapata ukuta wa ardhi na migongo ya wenzake. Safari za abiria wa njia hiyo ya zamani mpaka Kisumu zilisimama kwa miaka kadhaa, zikarudishwa Desemba 2021. Siku na saa zake ziulizwe stesheni kabla ya kufunga mizigo.

Juu ya reli mpya sitakaa sana, kwa sababu wengi wameisema. Atokaye Mombasa kuja Nairobi na atakaye kuuona Kilimanjaro na akae kushoto. Tembo wa Tsavo wao huonekana pande zote, wamejipaka udongo mwekundu. Gari hilo huweza kwenda kilomita 120 kwa saa, yaani mita 33 kila sekunde, na kwa kilango cha sehemu moja ya elfu ya sekunde bado ni sentimita 3 na kitu. Basi mtu asilaumu kamera yake. Njia yake ya pili, iliyofunguliwa Oktoba 2019 kwenda Suswa, hupita juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwa daraja refu la kilomita 6 hivi, na hapo abiria humtazama mnyama kutoka juu kama mwewe amtazamavyo. Daraja hilo lilikuwa na mabishano makubwa kabla ya kujengwa, na waliolipinga walikuwa na hoja zao. Mpiga picha akiupata mji na simba katika fremu moja, awe amepata na mabishano yenyewe.

WATU WALIO NJE YA DIRISHA

Yote tuliyosema hata sasa ni kazi ya mikono na macho. Limebaki lililo zito zaidi, nalo lahusu Kibera kuliko mahali pengine popote katika njia hii.

Mahali gari lipitapo pale si mbuga wala shamba la mtu mmoja. Ni uwanja wa watu. Jina lenyewe ni Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu, kwa kuwa askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles walipopewa kukaa hapo, mwanzoni mwa karne ya ishirini, palikuwa msitu. Siku hizi mtu hufua nguo, huchoma mahindi, humwogesha mtoto, na kufanya mengine yote ambayo mwenzake wa mtaa wa mawe huyafanya nyuma ya ukuta. Tofauti ni kwamba huyu hana ukuta. Abiria akiinua simu na kubonyeza, ameingia katika ua wa mtu bila kubisha hodi. Nasi Waswahili twajua maana ya hodi.

Wako wanaosema, “Lakini mahali ni pa wazi, na macho hayana pazia.” Kweli macho hayana pazia, lakini macho husahau, na picha haisahau. Mama aliyeonekana anaoga mwanawe na watu mia wa gari la saa kumi na mbili hajadhurika, walipita, wakasahau. Picha yake ikipelekwa mbali, ikawekwa juu ya habari za umaskini asizozisema yeye, hapo amefanywa mfano wa jambo asilolichagua. Na mara nyingi wampigao ndio hao hao wasiokubali kupigwa nguo zao zikiwa kambani.

Hata hivyo sisemi kwamba Kibera isipigwe picha. Mwaka 2009 Mfaransa mmoja ajulikanaye kwa jina la JR alifanya jambo ambalo kila mpiga picha wa gari la moshi yafaa alijue. Alipiga picha za wanawake wa Kibera, nyuso na macho, akazichapa kubwa sana juu ya kitambaa kisichopenya maji, akazitandika juu ya mapaa yao, jumla mita za mraba 2,000. Wengi wao walipata picha zao wenyewe juu ya nyumba zao wenyewe, na wakati wa mvua kitambaa kile kilisaidia kuziba mabati yanayovuja. Kisha akabandika macho ya wanawake wale juu ya mabehewa ya gari lipitalo hapo, na sehemu ya chini ya nyuso zao juu ya mabati yaliyopangwa katika mteremko chini ya reli. Gari lilipopita, kwa nukta moja tu, macho yakakutana na midomo, na nyuso zikawa nzima. Kisha gari likaenda na macho yake.

Wako waliosema huo ni mchezo wa wageni, na kwamba watu wa Kibera walihitaji maji kuliko picha. Sitawabishia juu ya maji. Lakini angalieni lililofanyika: badala ya abiria kuwatazama wanawake wale, wanawake wale ndio waliowatazama abiria. Tena waliulizwa kwanza. Tofauti baina ya picha hizo na ile ya mama anayeoga mtoto si kamera wala kipaji; ni kule kuulizwa.

Basi abiria atauliza vipi, na gari linakwenda? Swali hilo ni la haki, nami nalijibu hivi. Mtu aonekanaye kwa mbali, mdogo katika mandhari, asiyetambulikana kwa uso, hana haja ya kuulizwa. Mtu apungaye mkono na kucheka ameshajibu. Mtu ajifunikaye uso au ageukaye naye ameshajibu. Na gari likisimama, ukataka uso wa mwenye kibanda, teremsha kamera kwanza, sema, “Habari za kazi, mama? Naomba ruhusa nikupige picha, nami nitakuletea nakala.” Akikataa, mshukuru, nunua ndizi zake kama una njaa, ukae kimya. Na ukiahidi nakala, ipeleke. Hapa ndipo wakaaji wa Kibera na Kawangware mnapowashinda wageni wote: ninyi mtapita tena kesho.

Watoto wahitaji uangalifu zaidi, na ruhusa ya mtoto si ruhusa ya mzazi wake. Tena iko sheria. Kenya ilitunga Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, nayo huihesabu picha imtambulishayo mtu kuwa miongoni mwa habari zake mwenyewe. Na fidia imekwisha kuamriwa nchini kwa watu ambao picha zao zilitumiwa kutangaza biashara pasipo ridhaa yao. Picha ya kumbukumbu ya nyumbani ni jambo moja, na picha ya kuuza ni jambo jingine. Katika stesheni, kama una kamera kubwa yenye miguu mitatu, mwone kwanza mkuu wa stesheni. Askari akikwambia acha, acha kwanza, mengine yaulizwe ofisini.

Ziko picha nyingine ambazo umuhimu wake haukujulikana siku ya kupigwa. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliing'oa reli hapo Kibera, na njia ya kwenda Uganda ikakatika. Katika miaka iliyofuata wengi waliokuwa wakikaa na kuchuuza kando kabisa ya reli walihamishwa kwa mpango wa Shirika la Reli uliosaidiwa na Benki ya Dunia, na nyumba na vibanda vipya vikajengwa pembeni. Aliyepiga picha katika dirisha mwaka 2005 akiwaza kwamba anapiga vibanda tu, leo anayo habari ya mtaa usiokuwapo tena.

Juu ya hatari nitasema wazi. Kichwa na mkono havitoki nje ya dirisha, hata kwa picha nzuri namna gani. Katika Kibera ukuta, nguzo na pembe za mabati zi karibu sana na behewa, na anayetazama katika kioo cha simu hawezi kuziona zikija. Kaa ndani, shika simu kwa mikono miwili, na ufunge uzi wake kifundoni. Simu nyingi hupotea gari linapoondoka stesheni, kwa kuanguka au kwa mikono ya haraka, na hilo si la Kibera peke yake. Usisimame katika mlango ulio wazi. Na vijana mnaopenda kusimama juu ya reli ili kulipiga gari likija: gari zito la mizigo halisimami kama matatu. Dereva akikuona na kuvuta breki papo hapo, bado litakuja mamia ya mita. Tena kamera hudanganya umbali. Kitu kionekanacho kidogo katika kioo cha simu kiko karibu kuliko unavyodhani. Kilimeni pembeni, penye tuta, ndipo mahali pa kusimama, na picha ya kutoka ubavuni huonyesha gari lote.

Anayetaka kujizoeza bila hatari na aende katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni kuu. Humo zimo injini kubwa za Garratt za miaka ya 1950, kila moja uzito wake tani 252, nazo hazikimbii. Limo pia behewa ambalo afisa wa polisi Ryall alikokotwa na simba kupitia dirisha lake, huko Kima, Juni 1900. Alikuwa ameingia humo kumvizia simba huyo, akasinzia. Dirisha la gari la moshi lina historia yake.

Mwisho ni kutunza. Picha za ujenzi wa reli zilizopigwa na W. D. Young zaidi ya miaka 120 iliyopita zipo hata leo. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi ile, na karibu 2,500 kati yao walifia humu nchini, mbali na Waafrika waliofanya kazi pamoja nao. Katika picha nyingi za zamani za namna hiyo jina la bwana mkubwa limeandikwa, na walioshika nyundo hawana jina. Basi ukifika nyumbani, usiiache picha ndani ya simu mpaka simu iibwe. Chagua tatu au nne za safari, uzichapishe. Kawangware hakukosekani mahali pa kuchapisha picha kwa bei nafuu. Kisha chukua kalamu ya risasi, maana wino hupenya na kuharibu, uandike nyuma yake: tarehe, saa, baina ya stesheni gani na gani, upande gani wa gari, na jina la kila mtu uliyemwomba ruhusa akakupa. Nakala moja ni yako, na nyingine ni ya yule mama wa ndizi.